Sifa za Marehemu Aliye Hai

2 Machi

“Hakuna msanii wa nchi hii aliyependwa akiwa hai kama mwandishi wetu huyu wa michezo ya kuigiza.” Hayo ameyaandika Profesa katika gazeti la leo, ukurasa wa kati, picha kubwa juu yake. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni kwa dada yangu, chai ikanipalia.

Alipendwa na nani? Lini? Mchezo wake wa kwanza ulizomewa mpaka pazia likashushwa kabla ya wakati. Wa pili ulipigwa marufuku, naye akafukuzwa ualimu. Majirani wakimwona anakuja walivuka barabara kana kwamba amebeba ndui. Vitabu vyake viliondolewa shuleni mwaka uleule watoto walipoanza kuvisoma bila kulazimishwa. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, aliambiwa sokoni kwamba wazimu huambukizwa kwa mto wa kulalia. Na siku ile ya kuzomewa, kwenye viti vya juu vya ukumbi, kijana mmoja mwenye miwani alipiga mluzi kuwashinda wote. Nilimwona kwa macho yangu. Kijana huyo siku hizi anaitwa Profesa.

Nitamjibu kwenye safu yangu. Huko nitakuwa mkali, kama kawaida yangu. Hapa niandike lile ambalo sitaliandika gazetini: nimeogopa. Watu waliomchukia shemeji yangu maisha yake yote wameanza kumpenda ghafla, na wameanza wakati huuhuu anapotunga mchezo mpya.

5 Machi

Mvua zimeanza. Chumba changu kinavuja juu ya kitanda, nimehamia kwa dada mpaka msimu upite. Amenipa chumba cha nyuma, chenye cherehani mbovu na dirisha lisilofunga vizuri.

9 Machi

Niandike jinsi Shemeji anavyofanya kazi, kwa sababu hakuna mwingine afanyaye hivyo.

Haandiki. Zamani aliandika, wakaja wakachukua karatasi. Akaandika tena, wakaja tena, safari hiyo wakachukua na kalamu. Tangu hapo mchezo wote anautunga kichwani, kisha anawafundisha waigizaji kwa mdomo, mmoja mmoja, sebuleni, mlango umefungwa. Kila mmoja hupewa maneno yake tu, pamoja na neno la mwisho la yule anayemtangulia ili ajue pa kuingilia. Hakuna anayeujua mchezo mzima isipokuwa yeye. Wakikutana wote kwa mara ya kwanza ndipo wanapougundua, na anasema uso wa mwigizaji anayesikia jibu kwa mara ya kwanza hauwezi kufundishwa.

Waigizaji wa safari hii ni watano, na kila mmoja ana kazi yake ya mchana: Muuguzi, Mshonaji, Dereva, Mwalimu na Kinyozi. Mchezo unahusu bwawa. Kila mtu hapa analikumbuka. Mvua ilinyesha kama hii, bwawa likajaa, lango la kupunguza maji halikufunguliwa, ukuta ukapasuka, mtaa wa bondeni ukaenda na watu wake. Redio ikasema ni mvua tu. Wa bondeni wanasema lango lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Shemeji ameamua kuuliza swali hilo jukwaani: nani alikuwa ameshika ufunguo?

Leo nimewaona wote wakija, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu amenivutia. Ana kifua, ana sauti, na akiwa bado mlangoni alikunja ngumi akasema, “Safari hii hatunyamazi!” Yeye ndiye anayeigiza Mkubwa. Kinyozi, anayeigiza mlinzi wa lango, ameniudhi. Alifika amelowa chapachapa, macho yanazunguka, na neno lake la kwanza kwa dada lilikuwa, “Mama, mlango wa nyuma unafunguka?”

“Unafunguka,” dada akamjibu. “Kwani umekuja kuigiza au kukimbia?”

“Vyote, mama. Mimi si mtu wa kazi moja.”

Nikamwambia Shemeji huyo ni mwoga. Akacheka. “Shemeji, mlinzi wa lango alikuwa mwoga. Ningemtafuta wapi mwingine?” Baadaye ndipo nikajua kwamba mama yake Kinyozi alikuwa bondeni siku ile. Nikaona haya kidogo, lakini sikubadili maoni.

14 Machi

Mvua. Profesa ameandika tena. Sasa Shemeji ni “johari.”

17 Machi

Leo amekuja mtu na kanda ya kupimia. Kijana mpole, viatu vyake akaviacha nje bila kuambiwa. Amesema ametumwa kumpima Shemeji kichwa, kwa ajili ya sanamu itakayosimamishwa mbele ya Ukumbi Mkuu. Akampima paji, akampima kidevu, akazungusha kanda shingoni na kuandika.

Dada alisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Mgeni alipotoka akasema, “Anayempima mtu akiwa hai ni fundi nguo. Huyu hakuwa fundi nguo.”

“Acha hizo, mke wangu,” Shemeji akasema. “Angalau watakuwa na kichwa changu mahali pasipovuja.”

Tukacheka sote watatu. Kisha nikamwona anajishika shingo, pale kanda ilipopita.

22 Machi

Redio wamepiga simu. Binti mwenye sauti tamu ameomba picha za utotoni za Shemeji na majina ya wazazi wake. Nikamuuliza ni kwa kipindi gani. Akasita. “Si kwamba kuna haraka, mama. Tumeambiwa tu tuwe navyo tayari.”

Sikumwambia dada.

Baadaye akapiga mkuu wa Ukumbi Mkuu: ukumbi umefungwa kwa matengenezo, mchezo mpya hauwezi kupata nafasi mwaka huu. Lakini habari njema, ukumbi wenyewe utapewa jina la Shemeji! Kwa hiyo atakuwa na ukumbi wenye jina lake ambamo mchezo wake hauruhusiwi. Na wanafunzi wa Profesa wataigiza ule mchezo wa zamani, uleule ambao Profesa aliupigia mluzi, baada ya “kuurekebisha.” Nimeona walichotoa. Wametoa meno yote.

Sasa naelewa. Huyu mtu hawamuui. Wanamzika kwa maua, akiwa bado anakunywa chai, ili akisema neno watu washangae kwamba marehemu anasema.

26 Machi

Nimeandika safu bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimemvua Profesa nguo moja baada ya nyingine, mpaka ule mluzi. Mhariri amenipigia anacheka: “Pilipili, leo umejipita.” Ndivyo wanavyoniita kule.

Mwishoni, ili nimmalize kabisa, nimeweka haya: “Sherehekeeni karatasi zenu kuukuu. Mchezo wake mpya hamtaukamata, kwa sababu hauko kwenye karatasi. Umo vinywani mwa watu watano, na vinywa havipekuliwi.”

27 Machi

Imetoka. Watu wamenisimamisha barabarani kunipa mkono. Muuza magazeti amekataa pesa yangu.

Shemeji amesomewa na dada, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nilitegemea angecheka kwenye ule mluzi. Aliuliza jambo moja tu: “Hapo mwisho, uliandika watano?”

“Ndiyo.”

“Haya.”

2 Aprili

Muuguzi amehamishiwa kituo cha mpakani, ambako hakuna hata barabara ya lami. Barua ilimfikia asubuhi na gari likaja kumchukua kabla hajamaliza kufunga mizigo. Ni bahati mbaya tu, nimejiambia. Wauguzi huhamishwa kila mara.

6 Aprili

Mshonaji hakuja. Binti yake amekuja na mwavuli, akasema mama ana kazi nyingi za sare za shule. Nikamuuliza kama kuna watu waliokwenda kwao. Akatazama viatu vyake. “Walikuja kupimisha nguo. Wakakaa sana.”

9 Aprili

Dereva nimekutana naye kituo cha mafuta. Kabla sijasalimia alipandisha kioo.

10 Aprili

Mvua. Ukuta wa chumba changu unatoa jasho. Dada amehamisha kiti cha Shemeji mbali na dirisha, na anasema ni kwa sababu ya upepo.

13 Aprili

Wamemvunja Kinyozi taya.

Nitaandika kama ilivyo, bila kupamba. Leo mchana, duka lake likiwa wazi, mteja mmoja yuko kwenye kiti ana povu kidevuni, waliingia watu wawili wamelowa. Walimwambia mteja asimame, wakampa taulo ajifute, wakamwambia aende. Wakamwomba Kinyozi akae kwenye kiti chake mwenyewe. Mmoja akamuuliza, “Wewe ndiye kinywa cha ngapi?” Hayo amenihadithia yule mteja, ambaye alisimama nje kwenye mvua na povu lake, asijue aite nani. Aliyesikia kelele alifunga dirisha. Duka la jirani likafunga mlango.

“Kinywa cha ngapi.” Neno hilo halikutoka kwa wakubwa wao, wala kwa Profesa. Ni langu. Nililiandika kwa sababu lilikuwa zuri. Nilitaka sentensi ya mwisho ing’ate, na imeng’ata.

Nimekwenda hospitali na dada. Kinyozi amelala, uso umefungwa kwa bendeji kutoka kichwani hadi kidevuni, amevimba, hawezi kusema. Aliponiona akanyanyua mkono. Nilidhani ananifukuza. Alikuwa anaonyesha dirisha, kisha mlango, kisha akaangusha mikono kitandani: hakuna mlango wa nyuma. Alikuwa anatania. Taya limevunjika na anatania!

Nimesema hapa juu kwamba ni mwoga. Aliogopa tangu siku ya kwanza, na kila siku aliyoitwa alikuja. Mimi ambaye sikuogopa kuandika, sikuguswa hata ukucha. Hawakuja kwangu, wala hawana haja ya kuja. Nawafanyia kazi nzuri.

Tuliporudi nilimweleza Shemeji kila kitu. Nilitaka anitukane. Alikaa akisikiliza maji yanavyopiga bati, kisha akasema polepole:

“Shemeji, wewe ulitaka kushinda. Mimi nilitaka wasikie. Si kitu kimoja.”

14 Aprili

Sijaweza kula.

16 Aprili

Shemeji ana homa ya kifua. Daktari amesema asiseme sana. Basi ameanza kusema.

Ameniita sebuleni, akaniambia nifunge mlango. Anataka nijifunze maneno ya mlinzi wa lango. Nikasema mimi si mwigizaji. Akasema, “Ndiyo maana nakupa mlinzi. Anasema kidogo.”

Tumeanza. Mlinzi ana mistari mifupi, na mimi kila mstari naurefusha. Naongeza “kwa kweli,” naongeza “jamani,” naongeza hasira.

“Usiongeze,” anasema. “Kila ukiongeza, anaondoka mlinzi unabaki wewe. Na wewe tumeshakusikia.”

Dada alicheka nyuma ya mlango. “Miaka yote hiyo namwombea apate mtu wa kumnyamazisha, kumbe alikuwa mume wangu!”

21 Aprili

Kinyozi ametoka hospitali. Badala ya kwenda kwao amekuja hapa, kwa mguu, taya limefungwa kwa waya, anakunywa kwa mrija. Ameketi kwenye kona ya sebule ananisikiliza nikisema maneno yake. Nikikosea anapiga kidole kwenye mkono wa kiti. Nimepigiwa kidole mchana kutwa.

Shemeji alikohoa mpaka akawa bluu midomoni. Tukaacha.

25 Aprili

Profesa amekuja. Alikuwa na mwavuli mweusi na maua, na viatu vimejaa tope. Dada alimfungulia kwa sababu hajui kumfungia mtu mvuani.

Nilijiandaa kumrarua. Lakini aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kusema maneno ya mchezo wa kwanza, ule uliozomewa, ukurasa baada ya ukurasa, kwa moyo, machozi yakimtoka chini ya miwani. Hakukosea hata mara moja. Shemeji alimtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

Mlangoni nilimkabili. “Ulipiga mluzi.”

“Nilikuwa kijana, Pilipili. Baba yangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Ningefanyaje?”

“Na sasa nani amekaa pembeni yako?”

Akafungua mwavuli. “Mimi nampenda kuliko ninyi nyote. Alichokwisha kuandika kinatosha kumweka milele. Kwa nini mnamwacha akiharibu? Jumamosi ya tarehe kumi ni siku yake. Sanamu, hotuba, wanafunzi wangu. Mleteni kwa kiti cha magurudumu. Akae, apunge mkono, arudi. Hakuna atakayeumia tena, nakuapia.”

“Tena?” nikamuuliza. “Umesema tena?”

Akatazama chini kwenye tope, akaondoka.

Nimemwogopa leo kuliko siku zote. Mtu mnafiki angenipa nguvu. Huyu hadanganyi. Anampenda kwelikweli, jinsi mtu anavyopenda kipepeo aliyemchoma pini.

1 Mei

Mhariri amenipigia. Safu yangu inapumzishwa. “Mpaka mvua ziishe,” akasema, na hakucheka.

3 Mei

Mwalimu amepandishwa cheo kuwa mkaguzi wa shule. Ndiye atakayekuwa msema chochote kwenye sherehe ya Jumamosi, ataketi meza kuu. Dada amesoma habari hiyo kwa sauti mara mbili. Nami nilimpenda kwa ile ngumi yake!

5 Mei

Asubuhi Shemeji ameamka bila sauti. Upande mmoja wa uso umelegea. Anasikia, anaelewa, anabana mkono wangu nikimuuliza, lakini kinywa kimekufa. Daktari anasema huenda sauti ikarudi, huenda isirudi, na akakwepa macho ya dada.

Basi sasa mchezo hauko tena kichwani mwake kwa namna ambayo mtu anaweza kuufikia. Uko vipande vitano, na vipande hivyo vimetawanyika. Sijui hata unaishaje.

7 Mei

Mvua imekatika kutwa nzima. Kimya cha bati kinatisha kuliko kelele yake. Sisi tulioliona bwawa tunajua kwamba ukuta haukupasuka wakati wa mvua. Ulipasuka jua lilipotoka.

Dada amepiga pasi suti ya Shemeji. Nikamuuliza kama kweli atampeleka. Akanitazama kama mjinga. “Mume wangu hajawahi kukosa siku ya mchezo wake.”

“Mchezo upi, dada?”

“Wewe si una mistari?”

8 Mei

Hii ni kwa ajili yenu wanne, Muuguzi, Mshonaji, Dereva na Mwalimu. Sina gazeti tena, kwa hiyo ukurasa huu nitaunakili mara nne na Kinyozi atawaletea mkononi. Amekataa nimtume mtu mwingine. Anasema, kwa vidole, kwamba yeye walishamaliza kumvunja.

Kwanza nawaomba radhi. Niliwahesabu hadharani ili nimshinde mtu mmoja kwenye mabishano, na mtu mwingine akalipa. Sijui namna ya kuirudisha sentensi ile. Nitajitahidi isiwe ya mwisho.

Kesho kutwa saa kumi, Ukumbi Mkuu utajaa. Watasema walimpenda tangu siku ya kwanza. Watamvika shada, atakuwa kwenye kiti cha magurudumu, hawezi kuwakanusha. Hawatawazuia mlangoni, kwa sababu wamewaalika ninyi nyote ili mpigwe picha. Mimi nitakuwa safu ya pili pamoja na dada. Kinyozi atakuwa pembeni yangu, kidole tayari.

Muuguzi, basi la mpakani linatoka alfajiri ya kesho. Panda. Mshonaji, sare za shule zingoje. Dereva, shusha kioo.

Na wewe Mwalimu, utakuwa umesimama jukwaani na kipaza sauti, umevaa vizuri. Ukimaliza kumkaribisha mgeni wa heshima, kabla watu hawajaacha kupiga makofi, nitasimama mahali nilipo na kusema mstari wa kwanza wa mlinzi kama nilivyofundishwa, bila kuongeza neno: “Mkubwa, maji yamefika juu. Nani ameshika ufunguo?”

Nikishasema hivyo sina kingine mpaka nijibiwe. Mstari unaofuata ni wako. Alikufundisha wewe peke yako, mlango umefungwa, na sasa hawezi kuusema tena. Mimi siujui. Wenzako hawaujui. Bondeni kote hakuna anayeujua. Usiponijibu, mchezo umekwisha palepale, mbele ya sanamu yake, naye akiwa anasikia.

Ogopa kadiri unavyotaka, sote tunaogopa. Lakini jibu.